Maji ya Puani: Ni Mafua, au ni Maji ya Ubongo?

Mtu akianguka na kupasuka paji la uso, wote hukimbia kumsaidia. Damu ina sauti yake, haihitaji mpiga mbiu. Lakini mtu yule yule, siku tatu baadaye, akidondokwa na maji meupe puani, ni nani atakayekimbia? Watu husema, "Amepata mafua," naye mwenyewe hujifuta kwa mkono wa shati akaenda zake shambani. Leo nataka kuzungumza na wasomaji wa gazeti letu habari za maji hayo, maana yamekwisha waponza watu katika wilaya yetu, na yataendelea kuwaponza wengine ikiwa hatutayajua.

Mimi nimefanya kazi ya vipimo miaka mingi, na sasa napumzika hapa Kilosa. Sikuwa daktari. Kazi ya mpimaji ni kukaa katika chumba cha nyuma, kupokea vichupa vya damu, mkojo na makohozi, na kuvitazama kwa darubini. Wagonjwa wengi hawamjui hata jina. Lakini mpimaji huona jambo moja ambalo wengine hawalioni sana: huona jinsi matone machache yawezavyo kugeuza safari ya mtu, ama kumpeleka kwenye uzima, ama kumpeleka mbali bila haja.

Njia zetu na vichwa vyetu

Anayeijua wilaya ya Kilosa anajua kwa nini nasema haya. Mji wa Mikumi umekaa kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa na Mbeya, hata Zambia. Kabla ya kufika mjini, barabara hiyo hukata katikati ya Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa muda wa kilometa zipatazo 50. Humo malori, mabasi, tembo na nyati hukutana usiku na mchana. Pale Mikumi ndipo inapoanzia pia njia ya kwenda Kidatu na Ifakara. Na kutoka Mikumi kuja Kilosa, kwa kupitia Ulaya, ni kilometa zipatazo 70. Vijana wetu huzipita kwa pikipiki, wamepakia abiria wawili, gunia la mahindi na pengine mbuzi juu yake, na kichwani hawana kitu ila kofia ya kitambaa.

Basi si ajabu kwamba hospitali zetu, ile ya Mtakatifu Kizito pale Mikumi na ile ya wilaya hapa Kilosa, huletewa watu walioumia vichwa. Mara nyingi mtu hushonwa jeraha, hulala siku moja au mbili, akaonekana anasema vizuri na kula vizuri, akarudi nyumbani. Ndugu humshukuru Mungu, jirani huja kumpa pole, na shauri limekwisha. Hapo ndipo maji huanza kudondoka, na hakuna muuguzi wa kuyaona.

Maji hayo ni nini?

Ubongo wa mtu haukulala mkavu ndani ya fuvu. Mwenyezi Mungu ameuweka ndani ya maji safi, yanayouzunguka pande zote na kushuka mpaka kwenye uti wa mgongo. Domenico Cotugno, daktari wa mji wa Naples huko Italia, aliyaeleza maji hayo mwaka 1764. Kwa mtu mzima, maji yaliyomo kwa wakati mmoja ni kama mililita 150, yaani kikombe kidogo cha chai. Lakini mwili huyatengeneza bila kupumzika, kadiri ya nusu lita kila siku, na yale ya zamani hunyonywa yakarudi katika damu. Hulinda ubongo usigongwe na mfupa, kama vile ute unavyokilinda kiini cha yai.

Maji hayo yamefungwa ndani ya utando mgumu, na nje ya utando kuna mfupa wa fuvu. Lakini mfupa huo si mnene kila mahali. Juu kabisa ya pua, pale sakafu ya fuvu ilipo, ni mwembamba sana, tena una vitobo vidogo vya kupitishia mishipa ya kunusia. Mtu akipigwa kwa nguvu, mfupa huo huweza kupata ufa na utando ukachanika. Ndipo maji ya ubongo hupata njia ya kushuka puani. Ufa ukiwa upande wa sikio, maji huweza kutoka sikioni, au kupitia ndani na kushukia kooni.

Jambo hili haliwapati wengi. Kati ya watu 100 walioumia kichwa, pengine ni wawili au watatu tu. Tena wengi wao, wakilazwa na kutulia, ufa hujifunga wenyewe kabla ya juma moja au mawili kupita. Basi hatari iko wapi? Hatari ni kwamba mlango unaotoa maji nje ndio huo huo unaoingiza vijidudu ndani. Katika pua zetu hukaa vijidudu vya namna nyingi, na miongoni mwao ni wale wale wanaoleta kichomi cha mapafu. Humo puani wanaweza kukaa bila kumdhuru mtu. Lakini wakipata njia ya kupanda kwenye ubongo, huleta homa ya uti wa mgongo, ugonjwa unaoweza kuua kwa siku chache, na yule anayeusalimika huweza kubaki na kilema.

Habari mbili za kweli

Nitasimulia habari mbili, wala sitataja majina ya watu wala ya mahali walipotibiwa, kwa maana sitaki kumwaibisha mtu.

Ya kwanza ni ya kijana mmoja wa pande zetu, mwendesha pikipiki. Alianguka njiani, akapoteza fahamu kitambo kidogo, akapata uvimbe mweusi kuzunguka macho yote mawili. Baada ya siku chache uvimbe ukatulia, lakini pua ya upande mmoja ikawa inatoka maji. Nyumbani wakaona ni mafua. Wakamfukiza kwa nyungu, babu yake akampa ugoro apige chafya ili kichwa kifunguke, na kwenye duka la dawa akauziwa vidonge vya mafua. Yakapita majuma matano. Siku moja akaamka na kichwa kinachouma kama kinapasuliwa, shingo imekauka, hataki kuona mwanga, na kabla ya jioni akawa anaweweseka.

Hospitalini alichomwa sindano ya mgongo ili kutoa maji ya kupima. Njia hiyo imejulikana tangu mwaka 1891, alipoieleza daktari Mjerumani Heinrich Quincke. Maji ya mgongo ya mtu mzima wa afya ni maangavu, kama maji ya chemchemi. Nilipokipokea kichupa cha kijana yule, maji yalikuwa meupe ya ukungu, kama maji yaliyooshewa mchele. Sikuhitaji darubini kujua kwamba mna usaha, ingawa niliitumia, maana ndiyo kazi.

Nilitoka nje nikamkuta mama yake amekaa juu ya benchi, kanga imemfunika mpaka kichwani.

"Shikamoo, mama," nikasema. "Huyu kijana aliumwa nini kabla ya hii homa?"

"Marahaba, mwanangu. Hakuumwa kitu. Mafua tu."

"Mafua ya pua zote mbili?"

Akafikiri kidogo. "La, pua moja. Tena yakitoka ni maji matupu, hayana ute. Asubuhi akiinama kufunga viatu, yalikuwa yakidondoka kama bomba lililolegea."

"Tangu lini?"

"Tangu alipoanguka."

Wasomaji wapenzi, katika maneno yale machache mama alikuwa amekwisha toa maelezo yote ambayo daktari angeyataka majuma matano kabla yake. Maji ya pua moja, maji matupu yasiyo na ute, yanayozidi mtu akiinama, yaliyoanza baada ya kuanguka. Alikuwa nayo yote, ila hakuna aliyemwuliza, naye hakujua kwamba ni maneno yenye thamani.

Kijana yule hakufa, namshukuru Mungu. Dawa zilimsaidia, na baadaye akapelekwa kwa wataalamu, ufa ukazibwa. Lakini masikio yake hayakurudi. Siku hizi analima mpunga, ana mke na watoto, na Jumapili akiwa kanisani hutazama midomo ya watu ili ajue wimbo umefika wapi.

Habari ya pili ni ya mama mmoja aliyejigonga kichwa kwenye mlango wa jikoni. Pua ilitoka damu kidogo, ikakoma. Kesho yake akaanza kutokwa na maji puani, pua zote mbili, pamoja na chafya na kuwashwa macho. Akaenda zahanati moja. Mtu mmoja pale alikuwa amesikia kwamba maji ya ubongo yana sukari, na kwamba kamasi haina. Akachukua kijiti cha kupimia sukari ya wagonjwa wa kisukari, akakigusisha kwenye maji yale, na mashine ikaonyesha kuna sukari. Mara moja akamwambia mama, "Ubongo wako unavuja."

Hebu fikirini neno hilo linavyoingia katika nyumba ya mtu. Mume wake akauza mbuzi wote na magunia ya mpunga yaliyowekwa kwa ajili ya karo ya watoto. Shemeji zake wakakopa nauli. Wakaenda Dar es Salaam, wakakaa kwa ndugu majuma mawili, wakapimwa na kupigwa picha za kichwa. Jibu likawa kwamba fuvu ni zima, na maji ni ya mafua yaletwayo na vumbi. Mama alirudi mzima, lakini nyumba ilirudi na deni.

Kipimo hujibu swali lililoulizwa tu

Wengine waliposikia habari hiyo walisema, "Mashine imesema uongo." Mimi nasema, la. Kijiti hakikusema uongo. Kijiti kiliulizwa, "Je, mna sukari?" nacho kikajibu, "Imo." Hakikuulizwa kama maji ni ya ubongo, wala hakina uwezo wa kulijua hilo. Waliosema "ni ubongo" ni watu. Hili ndilo jambo kubwa ninalotaka tulishike leo: kipimo hujibu swali lile tu kilichoulizwa, wala hakivuki mpaka. Anayelitia neno lake mwenyewe kinywani mwa kipimo, humfanya shahidi mwema kuwa shahidi wa uongo.

Ni kweli kwamba maji ya ubongo yana sukari, kiasi cha theluthi mbili ya ile iliyomo katika damu. Lakini damu kidogo ikichanganyika na kamasi, kijiti hubadilika. Machozi yakishukia puani, huenda kikabadilika. Mtu mwenye kisukari, hata mwenye mafua ya kawaida, anaweza kuonyesha sukari puani. Tena kuna upande wa pili ulio mbaya zaidi: vijidudu vikiisha kuingia ubongoni, sukari ya maji yale hushuka sana. Basi mgonjwa aliye katika hatari kubwa anaweza kupimwa na kuambiwa, "Hakuna sukari, nenda nyumbani." Kwa sababu hiyo kipimo cha kijiti hakitegemewi tena peke yake.

Ziko dalili nyingine ambazo watu huzitazama, nazo ni za kuheshimiwa, lakini kila moja ina mpaka wake. Maji ya mafua yakikauka kwenye kitambaa, kitambaa hukakamaa kwa sababu ya ute. Maji ya ubongo yakikauka, kitambaa hubaki laini. Maji yaliyochanganyika na damu yakidondoka juu ya shuka nyeupe, damu hukaa katikati na maji hutanda pembeni, yakafanya duara kama mwezi uliozungukwa na ukungu. Lakini hata maji ya kisima au mate yakichanganywa na damu hufanya duara hilo hilo. Wagonjwa wengine husema wanasikia ladha ya chumvi kooni, au kwamba hawanusi tena harufu ya vitunguu vikikaangwa. Dalili hizi zinatosha kumfanya mtu aende hospitali. Hazitoshi kumfanya auze mbuzi.

Shahidi aliye bora

Je, hakuna kipimo kinachoulizwa swali lenyewe, "Haya ni maji ya ubongo au siyo?" Kipo. Mwaka 1979 madaktari wa nchi ya Finland, Meurman na wenzake, walieleza namna ya kuyatambua maji hayo kwa protini moja iitwayo beta-2 transferini.

Nitaieleza kwa kifupi. Transferini ni protini inayobeba chuma katika damu yetu. Ikiwa katika damu, imevaa vipande vidogo vya sukari ya namna yake, kama mtu aliyevaa kanzu na koti. Lakini ndani ya ubongo kuna kitu kinachovikata vile vipande, ikabaki bila koti. Hiyo isiyo na koti ndiyo beta-2. Haimo katika kamasi, wala katika machozi, wala katika mate, wala, kwa mtu wa kawaida, katika damu. Mpimaji huchukua matone machache ya maji ya pua, huyaweka katika jeli, na kupitisha umeme. Protini hutembea ndani ya jeli, kila moja kwa mwendo wake. Ile yenye koti hufika mahali pake, na ile isiyo na koti hubaki nyuma. Kisha hutiwa dawa ya kuzionyesha, nazo huonekana kama mistari. Mstari wa pili ukiwapo, ni ushuhuda wenye nguvu kwamba maji yametoka kwenye ubongo.

Hata shahidi huyu hasikilizwi bila kuulizwa mengine. Protini hiyo imo pia katika maji ya ndani ya jicho na ya ndani kabisa ya sikio, kwa hiyo mtu aliyepasuka jicho huweza kuchanganya majibu. Na watu wachache wenye ugonjwa mkali wa ini, au walevi wakubwa, huweza kuwa nayo katika damu. Ndiyo maana maabara nyingi hutaka zipelekewe na damu ya mgonjwa pamoja na maji ya puani, ili zilinganishe. Nchi nyingine hupima protini ya pili iitwayo beta-tresi, ambayo ni nyingi sana katika maji ya ubongo na haba katika damu. Kipimo hicho ni cha haraka zaidi, lakini nacho huweza kudanganya kwa mgonjwa wa figo. Tangu zamani imetakiwa kwamba neno lithibitike kwa mashahidi wawili au watatu, na maabara imefuata njia hiyo hiyo.

Msitegemee kukikuta kipimo cha beta-2 katika hospitali ya wilaya. Hata Ulaya (nasema ile ya ng'ambo, siyo hii yetu ya njiani kwenda Mikumi) hospitali nyingi hazikifanyi zenyewe, bali huvifunga vichupa na kuvituma kwenye maabara chache kubwa. Lakini kutokuwa nacho si kukosa msaada. Daktari anayejua kazi yake husikiliza maelezo, humwinamisha mgonjwa na kutazama maji yanavyotoka, huchungulia ndani ya pua, na akiona haja humpeleka kupigwa picha ya CT scan ili ufa uonekane. Mashine hizo siku hizi zimefika katika hospitali nyingi za mikoa. Na kwa shauri zito iko Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, ambako wamo mabingwa wa kupasua ubongo. Treni ya umeme, iliyoanza safari za Dodoma mwaka 2024, ina stesheni hapa Kilosa, basi njia imepungua urefu.

Wala kupasuliwa si jambo la kila mtu. Kama nilivyosema, wengi hupona kwa kulazwa na kutulia. Wale ambao maji yao hayakomi huzibwa ufa. Walter Dandy wa Marekani alifanya kazi hiyo mwaka 1926 kwa kulifungua fuvu. Leo mara nyingi hufanywa kwa kupitia puani, kwa kamera ndogo, na kiraka hukatwa katika mwili wa mgonjwa mwenyewe.

Niongeze neno moja. Wapo wachache ambao maji hayo huwatoka bila kuanguka wala kupigwa. Daktari St Clair Thomson wa London alitoa kitabu juu ya watu wa namna hiyo mwaka 1899. Basi mtu ambaye pua yake moja hutoka maji matupu miezi na miezi, asiridhike kuitwa mwenye mafua. Amweleze daktari.

Tufanye nini nyumbani?

Nimeulizwa mara nyingi na akina mama swali hilo, nami hujibu hivi.

Kwanza, aliyeumia kichwa akitokwa na maji puani au sikioni, arudi hospitali siku hiyo hiyo, asingoje kesho. Aseme wazi: aliumia lini, maji yalianza lini, ni upande gani, huzidi wakati gani. Maneno haya ndiyo kipimo cha kwanza, nacho hakina bei.

Pili, asizibwe pua wala sikio kwa pamba iliyokazwa. Asipenge kamasi kwa nguvu. Asipewe ugoro, wala asifukizwe kwa nyungu, wala asitiwe dawa yoyote puani. Chafya ikija, afungue kinywa. Akae kitako au alale kichwa kikiwa juu, kama shingo yake haikuumia. Asibebe mizigo, na ale matunda na mboga ili asijikamue chooni.

Tatu, asinunue vidonge vya kuua vijidudu kwa kubahatisha. Daktari ndiye ajuaye kama vinafaa na lini.

Nne, mpimaji akiomba maji hayo, yasikamuliwe kutoka kwenye kitambaa. Mgonjwa ainame, na matone yakingwe katika kichupa safi chenye kifuniko kilichotoka hospitalini. Matone kumi mpaka ishirini yatosha. Jina liandikwe mara moja, maana kichupa kisicho na jina ni kama barua isiyo na anwani.

Tano, mtu yeyote akikuambia, "Kipimo kimeonyesha," mwulize kwa adabu, "Kimeulizwa nini, nacho kimejibu nini?" Swali hilo si dharau. Mpimaji mwema hulifurahia.

Na homa kali, shingo kukauka, kutapika, kuchanganyikiwa, au kuogopa mwanga, hizo si dalili za kungojea usafiri wa asubuhi. Mgonjwa apelekwe usiku huo huo.

Kuhusu vijana wetu wa pikipiki sina maneno mengi. Kofia ngumu ni ghali, lakini fuvu haliuzwi dukani. Abiria naye ana kichwa, basi naye avae.

Siku ya tatu

Katika parokia zetu twapenda sana habari ya Msamaria. Tukiisimulia, twakumbuka mafuta na divai na jeraha lililofungwa njiani. Lakini mara nyingi twasahau sehemu ya mwisho. Yule mtu hakuishia kufunga majeraha. Alimpeleka mgonjwa nyumba ya wageni, akalipa, kisha akasema kwamba atarudi. Alijua kwamba aliyepigwa njiani haponi kwa siku moja.

Watu wa Kilosa na Mikumi ni wepesi wa kusaidia. Basi likipinduka, hutoka majumbani na mashuka na maji, hubeba majeruhi mgongoni, na Msagara husahau utani wake na Mluguru mpaka kazi iishe. Sifa hiyo ni yetu, wala hakuna wa kutunyang'anya. Lakini siku ya tatu twaenda mashambani, naye majeruhi hubaki peke yake na kitambaa chake.

Basi ombi langu ni dogo. Ukimjua aliyeanguka juma hili, iwe ni kijana wa pikipiki, mtoto aliyetoka juu ya mwembe, au mzee aliyeteleza kisimani, mpitie siku ya tatu. Mpe pole, kisha mwambie ainame kidogo, mtazame puani. Ikiwa pakavu, mtafurahi pamoja, nawe utaendelea na safari yako. Ikiwa panadondoka, usiseme "ni mafua," wala usiseme "ni ubongo," maana hilo hulijui wewe wala yeye. Mshike mkono, mwende hospitali, mkawaulize wanaojua.